Kutu na Vyuma vya Motokaa Kuukuu

1. Kutu ni nini

Chuma chasifiwa kwa nguvu zake. Jembe, shoka, reli na motokaa vyote vyakitegemea. Walakini chuma hiki kigumu huliwa na vitu viwili vinyonge, yaani maji na hewa. Tangu zamani sana watu wameijua kutu. Katika Injili ya Mathayo, sura ya 6, yatajwa pamoja na nondo na wezi.

Katika hewa mna sehemu iitwayo oksijeni, ambayo watu na wanyama huivuta ili waishi. Oksijeni ikikutana na chuma mahali penye unyevu, hushikamana nacho, kikageuka kuwa kitu kingine, chekundu, chenye kumeguka kama udongo. Kitu hicho ndicho kutu.

Wengi hudhani ya kuwa kutu ni uchafu ulioshika chuma kwa nje, kama tope lishikavyo kiatu. Sivyo. Tope likioshwa, kiatu hubaki kizima. Bali kutu ikiondolewa, chuma hubaki kimepungua, kwa maana kutu yenyewe ni chuma kilichokwisha kugeuka. Neno hili ndilo msingi wa kazi yote ya kusafisha vyuma vya zamani.

Jambo hili laweza kujaribiwa darasani. Zitwaliwe chupa tatu na misumari mitatu mipya isiyopakwa zinki. Msumari wa kwanza uwekwe katika maji kidogo, nusu majini na nusu hewani. Wa pili utiwe katika maji yaliyochemshwa sana hata hewa iliyokuwamo ikatoka, kisha mafuta yamiminwe juu ya maji ili hewa isiingie tena. Wa tatu uwekwe katika chupa kavu kabisa, nayo izibwe. Baada ya juma moja, msumari wa kwanza utakuwa na kutu, na ile mingine miwili itakuwa safi, au itakuwa na kutu kidogo mno. Basi maji peke yake hayatoshi, wala hewa peke yake. Vyahitajiwa vyote viwili.

Chumvi huiharakisha kazi hii. Ndiyo sababu motokaa ikaayo Mombasa au Tanga, mahali pavumapo upepo wa bahari, huota kutu upesi kuliko ikaayo Dodoma kwenye hewa kavu. Katika nchi za baridi pia, kama sehemu za kaskazini za Marekani, chumvi humwagwa barabarani ili kuyeyusha barafu, nayo huwa adui wa motokaa.

2. Kulegeza nati iliyoshikwa

Fundi aanzapo kuifungua motokaa kuukuu, mara nyingi huona nati haizunguki. Sababu yake ni kwamba kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Basi kati ya nati na bolti hujaa na kukaza. Asiye na subira hutia nguvu, na bolti hukatika. Mwenye akili husugua kwanza kwa brashi ya waya, akatia mafuta mepesi ya kulegeza, akaiacha mpaka kesho yake. Kisha huigonga polepole kwa nyundo, akaizungusha kidogo mbele na nyuma, akiongeza mafuta kila mara.

3. Kuondoa kutu kwa mkono

Kwanza chuma huoshwa kwa maji na sabuni ili grisi na matope yatoke, nacho hukaushwa. Kutu nene yenye magamba hukwanguliwa kwa patasi butu. Kisha hufuata brashi ya waya, na mwisho msasa, wenye chembe kubwa kwanza, halafu wenye chembe ndogo. Tupa haifai sana, kwa kuwa hula chuma kizima pamoja na kutu.

Vumbi la kazi hii si la kuvutwa. Rangi nyingi za zamani zilitiwa risasi, nayo ni sumu. Kwa hiyo rangi kuukuu haisuguliwi ikiwa kavu. Hulowanishwa kwanza, na fundi hufunika pua na kinywa, akavaa miwani ya kukinga macho.

4. Kuondoa kutu kwa kuloweka

Kuna vyuma vyenye pembe na vishimo visivyofikiwa na brashi. Hivyo hulowekwa. Siki na maji ya ndimu ni tindikali dhaifu, nazo hulegeza kutu. Nati na vyuma vidogo hulazwa humo siku moja, kisha husuguliwa. Mafundi wengi wa motokaa kuukuu hupenda molasi, yaani maji mazito meusi yabakiayo kiwandani sukari ikisha kutolewa. Sehemu 1 ya molasi huchanganywa na sehemu 9 za maji, na chuma hulowekwa juma mbili au tatu. Harufu yake ni mbaya, lakini kazi yake ni njema, maana huiondoa kutu na kudhuru chuma kidogo tu.

Chuma kikitolewa katika tindikali, huoshwa kwa maji yenye magadi ili tindikali iliyobaki iishe nguvu, kisha kwa maji safi, nacho hukaushwa papo hapo na kupakwa mafuta. Kikiachwa na unyevu, kutu mpya yaweza kuonekana siku ile ile.

Lakini si kila kitu chafaa kulowekwa. Alumini na zinki huliwa na tindikali. Springi na bolti za chuma cha pua kigumu sana zisitiwe humo, kwa kuwa gesi ya haidrojeni itokeayo huweza kupenya ndani ya chuma, kikawa chepesi kukatika ghafula.

5. Kupima kilichobaki

Chuma kikisha kung'aa, kazi haijaisha. Sasa ndipo fundi aulizapo swali kubwa: Je, kilichobaki chatosha? Bamba lililokuwa na unene wa milimita 2, likiliwa milimita 1, limebaki nusu. Msasa waweza kulirudishia sura yake, lakini hauwezi kulirudishia unene wake. Tena vishimo vidogo vilivyoachwa na kutu huweza kuwa mwanzo wa ufa.

Kitasa cha mlango kikipungua kidogo, hakuna madhara makubwa. Lakini ni vingine vyuma vya breki na usukani, maana hivyo vimebeba uhai wa watu. Bomba la chuma lipelekalo mafuta ya breki ni jembamba, na dereva akanyagapo breki, mafuta hulisukuma kwa nguvu nyingi. Bomba lililoliwa huweza kupasuka saa ile ile dereva anapolihitaji zaidi, motokaa ikiteremka mlimani. Bomba la namna hii halisuguliwi wala halipakwi rangi. Hutupwa, likawekwa jipya. Apakaye rangi juu ya chuma kibovu amewaficha wasafiri hatari, na rangi nzuri haitawaokoa.

6. Kukinga chuma

Kwa kuwa kutu yahitaji maji na hewa, kinga yake ni kuvizuia visifike. Chuma safi na kikavu hupakwa rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, kisha rangi ya juu. Vyuma vizungukavyo hupakwa mafuta au grisi. Motokaa iliyopita penye maji ya bahari huoshwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi, hasa upande wa chini, na matundu ya kutolea maji milangoni huzibuliwa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

MASWALI

1. Kwa nini kutu si sawa na tope?
2. Katika jaribio la misumari, ni chupa gani iliyokosa hewa, na ni ipi iliyokosa maji?
3. Kwa nini nati yenye kutu hukaza?
4. Fundi ana pipa la kujaza lita 40 za molasi na maji. Atatia lita ngapi za molasi, na ngapi za maji?
5. Taja vitu viwili visivyofaa kutiwa katika tindikali, ukieleza sababu.
6. Mtu ataka kuuza motokaa ambayo bomba lake la breki limeliwa na kutu, naye amelipaka rangi. Eleza kosa lake.