Macho Yaliyosema Ukweli: Tumkumbuke Jeremiah Denton, Rubani na Baba wa Watoto 7



Vijana wapendwa, somo letu la leo linatoka kwenye maisha ya mtu ambaye huenda hujawahi kumsikia. Sio mtakatifu aliyetangazwa na Kanisa, na sisi hapa hatumtangazi. Alikuwa mlei kama mimi na wewe: mume, baba, mfanyakazi, Mkatoliki. Kazi yake ilikuwa urubani katika Jeshi la Wanamaji la Marekani. Aliitwa Jeremiah Denton, na alifariki tarehe 28 Machi 2014 akiwa na miaka 89.

Kwa nini tumkumbuke sisi? Kwa sababu siku moja alibanwa aseme uongo mbele ya dunia nzima, akatafuta njia ya kusema kweli. Na wewe, kijana, siku yako ya kubanwa itakuja, kama bado haijaja.

Maisha yake kwa ufupi

Denton alizaliwa tarehe 15 Julai 1924 katika mji wa Mobile, jimbo la Alabama. Alisoma chuo cha maofisa wa majini huko Annapolis, akahitimu mwaka 1946. Mwaka huohuo akamwoa Jane. Mungu akawajalia watoto 7.

Tarehe 18 Julai 1965, siku tatu tu baada ya kutimiza miaka 41, aliruka kutoka meli ya kubebea ndege iitwayo USS Independence, akiongoza kundi la ndege kwenda kushambulia eneo la Thanh Hoa, Vietnam ya Kaskazini. Ndege yake ikapigwa. Yeye na mwenzake wakaruka kwa mwavuli, wakakamatwa. Kuanzia hapo alikaa kifungoni karibu miaka 7 na miezi 7. Katika hiyo, takribani miaka 4 alikuwa peke yake kwenye chumba.

Hebu tulia kidogo hapo. Simu ikizima chaji saa mbili tu tunahisi dunia imetutenga. Huyu mtu hakuona mke wala mtoto tangu 1965 hadi 1973.

Siku ya kamera

Mwaka 1966 waliomfunga walimtoa mbele ya kamera ahojiwe na mwandishi wa habari kutoka Japani. Alishateswa kabla, na alijua akisema vibaya atateswa tena. Walitaka aonekane mzima, anatunzwa vizuri, na ailaumu nchi yake.

Denton akakaa kwenye kiti, akajifanya mwanga wa taa unamuumiza macho. Akawa anapepesa. Kope fupi, kope ndefu. Watu waliokuwa chumbani hawakuelewa kitu. Lakini filamu ilipofika Marekani, wataalamu wa upelelezi wa jeshi la majini wakagundua kwamba macho yale yalikuwa yanaandika kwa alama za Morse, herufi moja baada ya nyingine: T-O-R-T-U-R-E. Maana yake ni MATESO. Kwa mara ya kwanza wakawa na uthibitisho kwamba wafungwa wanateswa kule.

Na kwa mdomo? Alipoulizwa kuhusu serikali yake, alijibu kwamba anaiunga mkono na ataendelea kuiunga mkono maadamu yu hai. Jibu hilo alililipia kwa mateso mengine.

Fundisho la kwanza: Ukweli hukosi njia ya kuusema

Mara nyingi tunajitetea: "Ningefanyaje? Wote walikuwa wanasema hivyo. Bosi aliniambia nisaini. Marafiki wangenicheka." Denton alikuwa na sababu nzito kuliko hizo zote. Hakuwa na nafasi ya kuhutubia, alikuwa na kope tu, akazitumia.

Yaani huhitaji jukwaa kubwa. Kukataa kusambaza umbea kwenye kundi la simu ni kope moja. Kutokunakili kwenye mtihani ni kope nyingine. Mungu haangalii ukubwa wa sauti yako, anaangalia kama imesema kweli.

Fundisho la pili: Kuanguka sio mwisho

Hapa tuwe wakweli, maana simulizi za mashujaa mara nyingine hutuchosha kwa kuwa zinaonyesha watu wasiovunjika. Wafungwa wale walivunjika. Ukimtesa binadamu vya kutosha, hufika mahali anaandika unachotaka. Ilimtokea Denton, iliwatokea na wenzake. Walichojifunza ni kutokubaki chini: ukivunjwa leo, kesho simama, waanze tena upya kukuvunja.

Hiyo haikuwa dhambi, maana walilazimishwa kwa maumivu. Lakini sisi tunaoanguka kwa hiari tuna cha kujifunza hapo. Kumbuka Petro: alimkana Bwana mara tatu, akalia, akarudi. Tofauti yake na Yuda ni kwamba alirudi. Kuna kijana anasoma hapa hajaungama mwaka mzima kwa aibu ya kosa lilelile. Ndugu yangu, simama. Nenda kitubio.

Denton mwenyewe alisimulia katika kitabu chake cha mwaka 1976 kwamba nguvu zake zilipofika mwisho, alijikabidhi kwa Mungu akikiri kwamba peke yake hawezi tena. Akapata faraja ambayo hakuitegemea. Sala yake haikuwa na maneno mengi. Ilikuwa ni kuachilia tu.

Fundisho la tatu: Hakuna anayeshinda peke yake

Wafungwa walikatazwa kuongea, kwa hiyo walizungumza kwa kugonga ukuta. Walipanga herufi katika safu 5 zenye herufi 5 kila moja, K wakaiacha na kutumia C badala yake. Ukigonga mara moja, kisha mara mbili, umesema B: safu ya kwanza, herufi ya pili. Kwa njia hiyo walipeana habari, wakatiana moyo. Na usiku waliagana kwa herufi tatu: G, B, U. Ni kifupi cha "Mungu akubariki" kwa Kiingereza. Mbili-mbili, moja-mbili, nne-tano. Kila pigo ni hatari, lakini jirani yako asilale bila baraka.

Paulo na Sila nao walisali gerezani usiku wa manane huku wafungwa wengine wakiwasikiliza (soma Matendo 16). Je, mwenzako wa chumba chuoni amewahi kusikia kwako kitu cha kumtia moyo? Jumuiya yako ina mgonjwa gani ambaye hujamgongea mlango?

Na tusimsahau Jane. Alilea watoto 7 bila kujua kama baba yao atarudi, na akawa miongoni mwa wake wa wafungwa waliojitokeza kupaza sauti waume zao wasisahaulike. Tunamsifu aliyekuwa gerezani, lakini nyumbani nako kulikuwa na uvumilivu ambao hakuna kamera iliyouona. Wengi wetu tumelelewa na mama wa namna hiyo. Mpigie leo.

Denton aliachiwa tarehe 12 Februari 1973. Alistaafu jeshi mwaka 1977 akiwa na cheo cha admirali, akawa seneta wa Alabama kuanzia 1981 hadi 1987. Upo mpango unaobeba jina lake, wa kutumia nafasi zilizo wazi kwenye ndege za jeshi kupeleka misaada kwa wahitaji nchi za nje bila malipo. Jane alitangulia mwaka 2007.

Swali gumu tusilikwepe

Mtu anaweza kuuliza: "Lakini si alikuwa anakwenda kupiga mabomu? Na Wavietnam waliokufa je?" Swali ni la haki. Vita ile iliua watu wengi sana wasio na hatia, na Kanisa linatufundisha kuwaombea wote. Kumkumbuka Denton sio kuibariki vita. Tunajifunza uaminifu wake, na roho za marehemu wote, wa pande zote, tunaziweka mikononi mwa Mungu aliye hakimu wa kweli.

Maswali ya kutafakari

1. Ni wapi nabanwa niseme uongo, na "kope" yangu ni ipi?
2. Ni anguko gani limenifanya nibaki chini?
3. Nani upande wa pili wa ukuta anasubiri nimgongee?

Tusali

Ee Yesu, wewe uliyesimama mbele ya Pilato ukaushuhudia ukweli, utupe ujasiri mdogo wa kila siku. Tukianguka, utuinue. Tukiwa peke yetu, utukumbushe kwamba upo. Uwape marehemu wote pumziko la milele. Amina.

Mbili-mbili, moja-mbili, nne-tano, rafiki yangu. Mungu akubariki.