Somo kwa Vyama vya Msingi: Lori la Chama na Safari ya Kurudi

Bagamoyo iliujua uchukuzi wa mbali kabla ya kulijua lori. Misafara iliyotoka hapo katika karne ya 19 kwenda Tabora na Ujiji ilibeba nguo, shanga na nyaya. Ikirudi, ilibeba pembe za ndovu. Tajiri aliyegharimia msafara hakupenda wapagazi warudi mikono mitupu, maana miguu itembeayo bure hula posho ile ile. Hesabu hiyo ya kale ndiyo inayosahauliwa mara nyingi chama cha msingi kinapokaa katika mkutano mkuu kujadili ununuzi wa lori.

Hamu ya lori haikuzuka bila sababu. Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki lilianza Julai 1, 2010, likiwa na nchi tano. Sudani Kusini iliingia katika Jumuiya 2016, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo 2022, na Somalia 2024. Mkulima wa mananasi wa Kiwangwa akitazama kaskazini anaiona Mombasa imesogea karibu, naye anauliza kwa nini auze shambani kwa mnunuzi aliyekuja na gari lake mwenyewe. Swali hilo ni la haki, na jibu lake limo katika daftari.

Uchukuliwe mfano wa kufundishia tu: safari ya kilomita 400 kwenda na 400 kurudi. Lori lenye mzigo ligharimu shilingi 3,000 kwa kilomita, yaani dizeli, matairi, posho ya dereva na utingo, matengenezo, bima na uchakavu. Likiwa tupu, shilingi 2,500. Nauli ya kwenda ni shilingi 1,800,000. Karani asiye mwangalifu atatoa 1,200,000, ataandika ziada ya 600,000, na wanachama watapiga makofi. Lakini lori halina budi kurudi, na kurudi tupu ni 1,000,000. Ziada imegeuka kuwa hasara ya 400,000. Likipata mzigo wa kurudi wa nauli ya 800,000, mapato yatafika 2,600,000 dhidi ya gharama ya 2,400,000. Ziada ya kweli ni 200,000. Likikaa mpakani siku mbili likingojea hati, kwa gharama ya 120,000 kila siku, chama kimeingia tena katika hasara ya 40,000. Katika gharama hizo, kifungu kinachorukwa kuliko vyote ni uchakavu, ambao hakuna mtu anayekuja kuudai mpaka siku injini inapokufa.

Kampuni kubwa huyashinda hayo kwa sababu ina wakala wake katika kila mji, na lori lake hukuta mzigo umekwisha kuandaliwa. Mwenye lori moja humtegemea dalali, tena hulipwa baada ya wiki nyingi, ilhali dizeli aliinunua kwa fedha taslimu. Wala hawezi kuziba pengo kwa kubeba mzigo wa Mombasa kwenda Nairobi. Makubaliano ya usafiri wa barabara yaliyotiwa sahihi na Kenya, Uganda na Tanzania mwaka 2001 yanalizuia gari la nchi moja kufanya uchukuzi wa ndani ya nchi nyingine bila idhini maalumu. Soko lilipanuka, lakini lori la Tanzania likishusha Mombasa lazima litafute mzigo unaokuja Tanzania.

Kuna na dhana kwamba Kongo kuingia katika Jumuiya kumeifanya njia ya shaba kuwa njia ya nyumbani. Lori litokalo Dar es Salaam kwenda Lubumbashi hupita Tunduma, huvuka Zambia, kisha huingia Kongo kwa Kasumbalesa. Na Zambia si mwanachama wa Jumuiya. Ni mipaka miwili, yenye foleni zake, pamoja na bima ya kadi ya njano na dhamana ya forodha. Chama kisicho na akiba ya kulihudumia lori lililosimama wiki mbili kisilipeleke huko.

Hata ndani ya Jumuiya ushuru hubadilika. Mwaka 2013 Tanzania iliyapandishia malori ya Rwanda tozo ya barabara kutoka dola 152 hadi dola 500, na Rwanda ikajibu kwa kuyatoza malori ya Tanzania kiasi hicho hicho. Wazee nao wanakumbuka mpaka wa Kenya uliofungwa 1977 na kufunguliwa 1983. Mkopo wa lori haungoji serikali zipatane.

Kwa vyama vya pwani, njia iliyo salama zaidi ni kuanza na mzigo kabla ya gari. Vyama vitatu au vinne vyenye mazao ya kwenda upande mmoja vyaweza kukodi kwa pamoja malori yanayorudi kaskazini matupu, vikipatana bei kwa maandishi, na siku ya malipo ikitajwa. Karani mmoja atunze daftari la safari: tarehe ya kupakia, uzito uliopimwa mizani, siku zilizopotea, nauli iliyolipwa. Baada ya msimu mzima daftari hilo litaonyesha kama mzigo unatosha lori la pamoja. Uzito usipuuzwe: gari lililozidisha huonekana katika mizani ya Vigwaza, na faini huila nauli.

Maswali ya kikundi. Chama chenu hupakia siku ngapi kwa mwaka, na siku zilizobaki lori lingefanya nini? Ni bidhaa gani ya kurudi ambayo wanachama wenyewe huinunua, na huinunua kwa nani? Iwapo mnunuzi atachelewa kulipa siku 60, dizeli ya safari ya pili itatoka katika mfuko gani?