Picha Iliyofutwa Katika Kompyuta: Je, Yaweza Kurejeshwa?

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Mtu aliyefuta kwa bahati mbaya picha za mahafali ya shule, au picha pekee ya mzazi aliyekwisha kufariki, bila ya kuwa na nakala nyingine mahali popote, huichukua methali hii kuwa ni hukumu ya mwisho. Hukumu hiyo ni ya haraka mno. Mara nyingi picha iliyofutwa ingali nzima ndani ya diski, na kinachoiangamiza hasa ni yale ayafanyayo mwenyewe katika saa zinazofuata. Makala haya yanaeleza kwa nini mambo huwa hivyo, na hatua zifaazo kuchukuliwa.

Diski huhifadhije picha?

Kwa kompyuta, picha ni mfululizo wa namba. Kila namba, iliyo baina ya 0 na 255, huchukua nafasi iitwayo baiti. Diski nayo imegawanywa katika vitalu vyenye ukubwa sawa, na katika kompyuta nyingi kitalu kimoja hubeba baiti 4,096. Picha ya megabaiti 3, yaani baiti 3,145,728, huhitaji vitalu 768. Vitalu hivyo huenda vikafuatana, au vikatawanyika sehemu mbalimbali za diski.

Ili vipatikane tena, kompyuta huweka kumbukumbu mbili. Ya kwanza ni orodha ionyeshayo jina la faili, ukubwa wake na kitalu inapoanzia. Ya pili ni jedwali lionyeshalo ni kitalu kipi kinachofuata kipi, na ni vipi vilivyo vitupu. Mpango huu wafanana na ule wa maktaba: vitabu hukaa katika rafu, na kadi za fahirisi hukaa katika sanduku karibu na mlango. Msomaji hupitia kadi kwanza, ndipo akifikie kitabu.

Maana halisi ya kufuta

Picha inapofutwa mara ya kwanza, kwa kawaida huhamishiwa tu katika pipa la taka la kompyuta, nayo yaweza kurudishwa papo hapo. Hapo ndipo pa kutazama kwanza. Pipa likishamwagwa, kompyuta huondoa kadi katika fahirisi, lakini kitabu hakiguswi. Katika mpango uitwao FAT, ambao hutumika katika kadi nyingi za kamera, herufi ya kwanza ya jina la faili hubadilishwa kuwa namba 229, na vitalu vyake huonyeshwa katika jedwali kuwa ni vitupu. Baiti za picha yenyewe hubaki pale pale zilipokuwa. Sababu ya utaratibu huu ni wepesi: kubadilisha kadi moja ni kazi ndogo kuliko kuandika upya vitalu 768.

Hatari huja baadaye. Vitalu vilivyotangazwa kuwa vitupu huweza kupewa faili nyingine wakati wowote. Kitalu kikishaandikwa upya, hakuna programu iwezayo kukirejesha kilichokuwamo. Hapo ndipo methali ya maji inapotimia.

Hatua za kuchukua

Kutokana na maelezo hayo, kanuni kuu ni moja: diski iliyopoteza picha isiandikwe kitu chochote. Kanuni hiyo yazaa hatua zifuatazo:

(a) Matumizi yasimamishwe mara moja. Ikiwa picha zilikuwa katika kadi, kadi itolewe katika kamera. Ikiwa zilikuwa katika diski ya kompyuta, kompyuta izimwe. Kwa maana hata inapoonekana imetulia, huendelea kuandika mambo yake kimyakimya.

(b) Programu ya kurejesha picha isiwekwe katika diski hiyo hiyo, isije ikajiandika juu ya picha zinazotafutwa. Diski ifungwe katika kompyuta nyingine.

(c) Nakala kamili ya diski, kitalu kwa kitalu, ifanywe kwanza, kisha utafutaji ufanyike katika nakala.

(d) Picha zitakazopatikana zihifadhiwe katika diski nyingine.

Diski inayotoa mlio usio wa kawaida isijaribiwe nyumbani. Izimwe, ipelekwe kwa fundi mwenye vifaa.

Kutambua picha pasipo fahirisi

Programu za kurejesha faili hutumia njia mbili. Ya kwanza ni kusoma mabaki ya orodha. Katika mpango wa FAT, ukubwa wa faili na kitalu chake cha kwanza huwa bado vimeandikwa. Hivyo programu huweza kuhesabu vitalu 768 kuanzia hapo. Njia ya pili hutumika mabaki hayo yanapokosekana. Picha za aina ya JPEG, itumiwayo na kamera nyingi, huanza kwa baiti 255, 216 na 255, na kumalizika kwa 255 na 217. Programu hupitia diski nzima ikitafuta alama hizo, mfano wa mtu aliyeingia katika maktaba isiyo na fahirisi, akafungua kitabu baada ya kitabu. PhotoRec, programu ya bure iliyotungwa na Christophe Grenier, hufuata njia hii.

Njia ya pili ina upungufu wake. Majina ya awali ya faili hupotea, na picha ambayo vitalu vyake vilitawanyika huweza kutoka nusu: juu uso wa bibi harusi, chini milia ya kijivu.

Diski za elektroniki

Yaliyoelezwa ni kweli kwa diski za sumaku na kwa kadi nyingi za kamera. Lakini kompyuta nyingi za sasa zina diski za elektroniki, zisizo na kitu kizungukacho. Diski hizi haziwezi kuandika upya mahali palipotumika kabla ya kupasafisha. Kwa hiyo kompyuta huzipelekea amri iitwayo TRIM, kuziarifu ni vitalu vipi havihitajiki tena, ili visafishwe mapema. Windows imekuwa na amri hiyo tangu toleo la 7 la mwaka 2009. Baada ya amri hiyo, vitalu kwa kawaida husomeka kuwa sifuri tupu, na dakika chache zaweza kutosha kupoteza kila kitu. Hapo tumaini lipo nje ya diski: katika kadi ya kamera ambamo picha zilitoka, au katika simu ya jamaa aliyepelekewa.

Upande wa pili wa jambo

Jambo liletalo matumaini kwa aliyepoteza picha huleta hatari kwa anayeuza kompyuta. Nchini Marekani, Simson Garfinkel na Abhi Shelat, waliokuwa wanafunzi wa chuo cha MIT, walinunua diski 158 zilizokwisha kutumika, wakatoa matokeo mwaka 2003. Kati ya diski 129 zilizosomeka, ni 12 tu zilizokuwa zimesafishwa ipasavyo. Katika nyingine zilipatikana, miongoni mwa mengine, habari za wagonjwa na namba za kadi za mikopo. Shule iuzayo kompyuta yenye matokeo ya wanafunzi haina budi kuandika upya diski nzima, si kufuta majina ya faili tu.

Zoezi

Nakili picha 10 katika flashi isiyo na kitu cha thamani, uzifute, kisha uzitafute kwa PhotoRec. Rudia, lakini safari hii, baada ya kufuta, ijaze flashi kwa faili nyingine kabla ya kutafuta. Linganisha matokeo.

Maswali

1. Picha ya megabaiti 5 huhitaji vitalu vingapi vya baiti 4,096?
2. Eleza tofauti kati ya kuondoa kadi ya fahirisi na kuondoa kitabu.
3. Kwa nini nakala ya pili, iliyowekwa mahali pengine, yashinda programu yoyote ya kurejesha picha?