Aliyekuwa wa Kwanza Kumwona Kijana Yangambi Anapata Nini?

Daftari lenyewe ni la shule, jalada limechakaa kwa jasho. Ndani yake kuna majina ya vijana, nafasi wanazocheza, mguu wanaoupendelea, na alama ya vema kwa kila aliyekwenda Kisangani kujaribiwa. Mwenye daftari ni kocha wa vijana hapa Yangambi. Kwa miaka mingi amewasindikiza vijana hao mjini, kilomita kama 100 za mto, na nauli ya boti anaitoa mwenyewe. Nilipomwuliza amelipwa nini tangu aanze, aliingia ndani akatoka na jezi moja iliyokunjwa vizuri.

Nililisoma daftari lile ukurasa kwa ukurasa. Lina macho ya mtu anayejua mpira. Halina tarehe ya kuzaliwa hata moja, wala namba ya usajili. Hizo mbili ndizo zinazolipa.

Kuna jambo ambalo wasaka vipaji wetu wengi hawajaambiwa. Kanuni za FIFA hazimpi aliyemgundua mchezaji hata senti ya ada ya uhamisho. Anayelipwa ni klabu iliyomlea, na wakala mwenye leseni kwa kazi yake. Tangu tarehe 1 Mei 2015 ni marufuku mtu binafsi au kampuni kumiliki asilimia ya mauzo ya mchezaji. Kwa hiyo anayesema "kijana huyu ni wangu, nina fungu langu kwake" hana haki anayoweza kuidai popote, hata akiwa na karatasi iliyosainiwa mbele ya mashahidi. Ukitaka jasho lako lilipwe, lipitishe kwenye klabu.

Klabu ndogo ina haki gani? Ya kwanza, ambayo naiona ndiyo yenye maana zaidi kwetu, ni mchango wa mshikamano. Mchezaji anapouzwa kwenda nchi nyingine, asilimia 5 ya ada hukatwa na kugawiwa klabu zote alizosajiliwa tangu mwaka alipotimiza miaka 12 hadi ule wa miaka 23. Kila mwaka wa umri wa miaka 12 hadi 15 una asilimia 0.25 ya ada nzima. Kila mwaka wa umri wa 16 hadi 23 una asilimia 0.5.

Tufanye hesabu. Kijana amesajiliwa kwenye klabu ya Yangambi tangu miaka 12 hadi 17. Miaka minne ya kwanza ni asilimia 1, miwili inayofuata ni asilimia 1 nyingine. Miaka mingi baadaye anauzwa kwa dola 2,000,000. Klabu ya Yangambi inastahili dola 40,000. Akiuzwa tena nje mwaka mwingine, inastahili tena. Haki hii haimaliziki kwa mauzo ya kwanza, hudumu kadiri mchezaji anavyoendelea kuuzwa.

Mbwana Samatta, mshambuliaji wa Tanzania, ni mfano wa karibu. Alitoka African Lyon akaenda Simba, zote za Dar es Salaam, mwaka 2011 akavuka kuja Lubumbashi kuchezea TP Mazembe, Januari 2016 akaenda Genk ya Ubelgiji. Genk ilipomwuza kwa Aston Villa Januari 2020, sehemu kubwa ya miaka inayohesabiwa katika mgao ilikuwa ya Dar es Salaam na Lubumbashi, kwa kuwa alifika Ulaya akiwa ameshatimiza miaka 23.

Haki ya pili ni fidia ya mafunzo, na hapa kuna mtego. Hulipwa mchezaji anaposaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa, au anapohama hadi mwisho wa mwaka anaotimiza miaka 23, lakini kanuni za FIFA huigusa pale anapovuka kutoka shirikisho la nchi moja kwenda jingine. Kijana wa Yangambi akisaini mkataba wake wa kwanza Kinshasa au Lubumbashi, fidia hiyo ya kimataifa haimfikii aliyemlea. Akiuzwa nje baadaye, fidia inakwenda kwa klabu yake ya mwisho. Kwa hiyo, klabu kubwa ya nchini inapomtaka kijana wenu, andikeni makubaliano ninyi na wao kabla hajapanda boti: kiasi gani sasa, na asilimia ngapi akiuzwa. Makubaliano kati ya klabu na klabu yanaruhusiwa. Kupeana mikono peke yake hakutoshi.

Tangu Novemba 2022 malipo haya hupitia ofisi maalumu ya FIFA iliyoko Paris. FIFA yenyewe hukusanya kumbukumbu za usajili kutoka mashirikisho ya nchi na kuunda pasipoti ya mchezaji, inayoonyesha kila klabu na kila msimu. Klabu isiyo kwenye mfumo wa FECOFA, shirikisho la soka la Kongo, haionekani kwenye pasipoti hiyo. Akademia ya mtaani isiyo mwanachama wa entente yoyote, yaani chama cha soka cha eneo, haionekani pia, hata kama ndiyo iliyomfundisha mtoto kusimamisha mpira kifuani.

Watu wa Yangambi hatuhitaji kufundishwa thamani ya kumbukumbu. Kituo cha utafiti kilichoanzishwa hapa mwaka 1933, ambacho leo ni INERA, kililifanya jina la Yangambi lijulikane duniani kwa michikichi. Ni hapa watafiti Beirnaert na Vanderweyen walipoonyesha, mwaka 1941, kwamba chikichi la ganda jembamba lenye mafuta mengi huzaliwa na mche wa ganda nene ukipandishiwa na ule usio na ganda. Waliligundua hilo kwa sababu wazazi wa michikichi yao walikuwa wameandikwa. Baba na mama wa mchikichi wanajulikana, na mtoto aliyefunga mabao kumi msimu huu hana hata tarehe ya kuzaliwa kwenye daftari! Jambo hili linaniuma.

Na wewe msaka vipaji mwenyewe? Njia yako ya halali ni mkataba wa kazi na klabu. Uandike mshahara wa mwezi hata uwe mdogo, nauli na malazi ya kila safari, na bonasi ya fedha taslimu kijana uliyemleta akifikisha idadi fulani ya mechi. Bonasi hiyo ni ujira wako kutoka kwa mwajiri, si umiliki wa mchezaji.

Njia nyingine ni uwakala. Mtihani wa FIFA una maswali 20, unafanyika kwa Kifaransa pia, na kufaulu ni asilimia 75. Ila wakala hawezi kuwa mwajiriwa au kiongozi wa klabu, kwa hiyo itabidi uchague. Viwango vya juu vya ada za mawakala, ambavyo FIFA iliviweka mwaka 2023, ilivisimamisha mwishoni mwa mwaka huohuo kwa sababu ya kesi za Ulaya, basi ada yako ndiyo ile mtakayoandikiana na mchezaji.

Wanaoota uongozi wajue kwamba rais wa klabu Kongo kwa kawaida hutoa fedha nyingi kuliko anazopokea. Moïse Katumbi aliijenga Mazembe hadi fainali ya Kombe la Dunia la Klabu mwaka 2010 akiwa tayari mfanyabiashara tajiri. Kazi ya kulipwa, pale ilipo, ni ya katibu, meneja wa timu na mkurugenzi wa ufundi. Anayejua kanuni hizi za usajili ana sababu ya kuajiriwa.

Wazazi, mtoto chini ya miaka 18 haruhusiwi kuhamia klabu ya nchi nyingine ila kwa masharti machache, na wakala hawezi kumfuata bila idhini yenu ya maandishi. Anayedai fedha ili ampeleke Ulaya kujaribiwa, msimpe.

Makocha wa Yangambi, kabla msimu haujaanza chukueni cheti cha kuzaliwa cha kila kijana, mwende kwenye ofisi ya entente yenu, na msiondoke hadi kila jina lipate namba yake ya usajili ya FIFA. Namba hiyo iandikeni kwenye daftari, kando ya jina.