Insha Hii Kaandika Nani? Vyombo vya Kutambua Maandishi ya Akili Bandia na Mipaka Yake



Ndugu zetu wanafunzi pamoja na wazazi, tangu programu ya ChatGPT ilipofunguliwa kwa watu wote Novemba 30, 2022, limeingia shuleni tatizo jipya. Mtoto analeta insha safi, na mwalimu hajui kama imetoka kichwani mwake au kwenye simu. Haukupita muda zikatoka programu nyingine zinazodai kuweza kutofautisha. Unaingiza maandishi, na baada ya sekunde chache unapewa hukumu: haya ni ya mtu, haya ni ya mashine. Wapo wanafunzi waliokwishanyimwa alama zao kwa neno la programu hizo tu. Basi katika somo hili tutazame neno hilo lina uzito gani.

VINAFANYAJE KAZI?

Akili bandia inaandika kwa kukisia neno linalofuata. Imelishwa maandishi mengi mno, hata ikajua kwamba baada ya "jua linachomoza upande wa" aghlabu hufuata "mashariki". Chombo cha kutambua kinaigeuza hesabu hiyo hiyo. Kinapita neno kwa neno na kujiuliza: je, hili lilitarajiwa? Maneno mengi yakiwa ni ya kutarajiwa, na sentensi zikikaribiana urefu, kinasema ni mashine. Yakiwemo maneno ya kushtukiza, na sentensi moja ndefu nyingine fupi, kinasema ni mtu.

Tuzingatie hapa. Chombo hakikumwona mtu akiandika, kinapima mtindo tu. Wanafunzi wetu wa somo la Hadithi wanajua kwamba wanavyuoni waliipima riwaya kwa pande mbili, isnadi na matni. Nani kapokea kutoka kwa nani? Je, walikutana? Je, ni mkweli, na hifadhi yake ikoje? Kisha wakayatazama maneno yenyewe. Chombo hiki kina matni peke yake, hakina isnadi hata ya mtu mmoja. Na hata hiyo matni hakiipimi kwa maana, bali kwa mpangilio wa maneno.

NANI ANAONEWA?

Ukishaelewa hayo, utajua mwenyewe nani ataonewa. Ni yule aliyejifunza lugha darasani, mwenye msamiati mdogo, anayeogopa kukosea na kwa hiyo anaandika sentensi za salama. Yaani watoto wetu wengi wanapoandika Kiingereza.

Hili si dhana. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walivipima vyombo saba. Walivipa insha 91 za mtihani wa TOEFL, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kuzaliwa, na insha 88 za watoto wa Kimarekani wa darasa la nane. Za Wamarekani zilipita karibu zote. Zile za TOEFL, kwa wastani zaidi ya nusu ziliitwa kazi ya mashine, na insha 18 kati ya 91 zilihukumiwa na vyombo vyote saba kwa pamoja. Kisha watafiti wakaiambia ChatGPT izitie insha hizo hizo msamiati wa wazaliwa wa lugha, na makosa yakapungua sana. Kazi ya mtu ilikamatwa, na ilipoguswa na mashine ikaachiwa!

HESABU NDOGO

Kampuni ya OpenAI, iliyotengeneza ChatGPT yenyewe, ilitoa chombo chake Januari 2023. Ilitangaza wazi kwamba katika majaribio ya Kiingereza kilitambua asilimia 26 tu ya maandishi ya mashine, na kiliyasingizia asilimia 9 ya maandishi ya watu. Ilisema pia kwamba kwa lugha nyingine hali ni mbaya zaidi.

Tuseme kuna insha 1,000, na 100 kati ya hizo ni za mashine. Chombo kitakamata 26. Katika zile 900 za halali, asilimia 9 ni insha 81. Jumla ya waliokamatwa ni 107, na 81 kati yao hawana hatia. Hiyo ni robo tatu! Julai 2023 kampuni ilikiondoa kwa sababu ya usahihi mdogo.

Atasema mtu, vipo vilivyo bora kuliko hicho. Ni kweli. Turnitin ilipotoa chake Aprili 2023 ilisema kinakosea chini ya asilimia 1. Lakini Chuo Kikuu cha Vanderbilt kilipiga hesabu: mwaka 2022 kilipitisha humo kazi 75,000, na asilimia 1 yake ni kazi 750. Agosti 2023 kikakizima. Tena asilimia inayotolewa na Turnitin husomwa vibaya. Ikiandikwa 60, maana yake ni kwamba chombo kinaona sehemu hiyo ya maandishi ni ya mashine. Si kwamba kina uhakika wa 60 kwa 100.

Na mghushi mjanja hupita. Akibadilisha maneno huku na kule, chombo kinababaika. Hatusemi haya ili kumfundisha njia. Kughushi ni haramu, kwa mkono au kwa kompyuta.

MWALIMU AFANYE NINI?

Suratul Hujuraat, aya ya 6, inatuamrisha kuhakikisha habari kabla ya kuwadhuru watu kwa kutojua. Na kanuni ya makadhi ni kwamba anayedai ndiye anayeleta ushahidi. Jibu la chombo linaweza kumfanya mwalimu aulize, lakini halitoshi kumhukumia mtoto. Amwite faragha, si mbele ya darasa. Amwambie aeleze aya ya pili ya insha yake kwa mdomo, na neno gumu alilolitumia lina maana gani. Alinganishe na kazi zake za zamani zilizoandikwa darasani.

Mwanafunzi naye ajiwekee isnadi yake. Asitupe karatasi za mwanzo zenye mikwaruzo. Anayeandika kwenye Google Docs ajue kwamba historia ya marekebisho inahifadhiwa humo kwa tarehe na saa, na mzazi anaweza kuifungua mbele ya mwalimu.