RAV4 Kuukuu Unguja: Inama Kwanza, Boneti Baadaye

Kaa Jozani asubuhi moja utaziona zikipita, wageni ndani, mabegi nyuma, zinaelekea Paje na Jambiani. RAV4 za miaka ya 1994 hadi 2000, za milango mitatu na mitano, pamoja na ndugu zao wa 2000 hadi 2005 ambazo Bara wamezibatiza Kili Time. Zikishachoka kukodishwa huuzwa kwa wenyeji kwa bei inayotia tamaa. Kabla hujahesabu noti, soma haya.

Gharama nitazikadiria kwa matangi ya petroli, maana bei ya spea haikai. Tangi la RAV4 ya kwanza hubeba lita 58, na ZURA, mdhibiti wa nishati Zanzibar, hutangaza bei ya mafuta kila mwezi. Piga hesabu mwenyewe.

1. Anza na kutu. Injini ya Toyota utaipata, bodi iliyoliwa na chumvi huipati. Gari iliyolala miaka Shangani au Forodhani imekula hewa ya bahari usiku kucha, na ile iliyokuwa Nungwi huenda imeshaendeshwa mchangani na wageni waliodhani pwani ni barabara. Omba kufunua zulia upande wa dereva, ubonyeze sakafu kwa bisibisi, taratibu. Chuma kizima kinalia ti. Kilichooza kinabonyea kama muhogo uliochemka. Kisha piga magoti: tazama kingo za chini ya milango, matao ya tairi, bomba la kujazia mafuta, na pale mikono ya tairi za nyuma inaposhikana na bodi. Hapo pa mwisho ndipo penye hukumu. RAV4 haina chesisi ya peke yake kama Land Cruiser, bodi yenyewe ndiyo mifupa. Kiraka cha sakafu ni kazi ya tangi mbili tatu. Pakioza panaposhika mikono ya nyuma, shukuru mwenye gari, uondoke.

2. Nenda na sumaku. Ifunge kwenye kitambaa usikwaruze rangi ya watu, uipitishe juu ya matao na chini ya milango. Isiposhika, hapo ni puti. Dalali atakwambia "gari safi hii, rangi mpya". Rangi mpya kwenye gari ya miaka ishirini na tano ni sababu ya kuuliza zaidi, si ya kufurahi.

3. Ijue injini kabla ya kuisifu. Kizazi cha kwanza kina 3S-FE ya cc 2,000, injini mvumilivu sana. Inatumia mkanda wa taimingi, na mkanda huo hubadilishwa kila kilomita 100,000. Kwa kuwa namba za dashibodi haziaminiki, ukinunua badilisha tu, pamoja na pampu ya maji, kwa sababu mkanda huohuo ndio unaoizungusha. Ukiiacha, fundi atafungua mara mbili nawe utalipa mara mbili. Mkanda ukikatika, kwa kawaida vali za injini hii hazigongani na pistoni, lakini gari inazima palepale, na Pongwe usiku si mahali pa kutafuta fundi.

Kwenye Kili Time kuna mambo mawili. Ile ya cc 1,800 huvuta kwa tairi mbili tu, hata muuzaji akiapa ni fo-wili, na nyingine hula oili, kwa hiyo chungulia kijiti cha oili na moshi wa bluu. La pili ni ile yenye maandishi D-4 juu ya injini. Hiyo inapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa pampu ya presha kubwa, masizi hujaa njia ya hewa, na ikisimama huku injini inawaka, inatetemeka. Pampu yake peke yake inaweza kula matangi mengi. Mimi siinunui.

4. Fungua rejeta ikiwa injini imepoa. Maji mekundu ya kutu mara nyingi maana yake mwenyewe alijazia maji matupu, labda ya kisima, na visima vingi vya pwani yetu vina chumvi. Muulize pia kama themostati ipo. Mafundi wengi huing'oa wakidhani wanazuia gari kuchemka. Kumbe injini haifiki joto lake na mafuta yanaliwa bure. Themostati ni sehemu ndogo tu ya tangi. Gasketi ya hedi pamoja na kuchonga hedi ni tangi kadhaa.

5. Bushi, boljointi na linki za stabilaiza ni kawaida, usiogope. Barabara za mawe za ndani ya vijiji huzimaliza, na kazi yake kwa upande mmoja mara nyingi haizidi tangi moja. Kata kona hadi mwisho, uende polepole: ukisikia ka-ka-ka tairini, siivii imekwisha. Ila wakatae wanaopaka oili chafu chini ya gari kuzuia kutu. Oili hiyo huvimbisha mipira ya bushi, kisha unarudi gereji ileile.

6. Tairi nne ziwe saizi moja na zimelika sawasawa. Hapa kwetu watu hununua tairi kuukuu mojamoja kila inapopasuka. Kwa gari inayovuta kwa miguu yote minne, tofauti hiyo huchosha difu ya kati, na difu si mali ya bei rahisi.

7. Spea: uliza bei tatu, ya asili, ya kopi na iliyotumika kutoka Japani au Dubai. Usipoipata mjini, tuma picha ya namba ya chesisi Gerezani, Kariakoo, Dar es Salaam. Itakuja na boti hadi Malindi. SXA11 na ACA21 hazivai vitu sawa, kwa hiyo "ya RAV4" peke yake haitoshi. Pedi za breki na boljointi nunua mpya. Milango, taa na vioo, vilivyotumika vinatosha.

8. Ukishainunua, ioshe chini kwa maji baridi ya bomba kila ukirudi pwani, na wakati wa masika usiingie dimbwi usilolijua. Maji yakinyonywa kwenye njia ya hewa, injini imekwenda.

9. Kutu ikishafika mifupani na injini nayo ikaanza kuchemka, usimpe fundi hata tangi moja zaidi. Iuze vipandevipande: injini kwa mmoja, gia boksi kwa mwingine, milango na rimu kwa anayehitaji. Mara nyingi utapata zaidi kuliko kumuuzia mtu gari zima, na hutakuwa umemuuzia jirani yako sakafu iliyooza.