Ugonjwa wa Sarafu za Kale

Sarafu ya Kirumi, ya shaba iliyochanganywa na bati, ikifukuliwa ardhini na kuonyesha unga wa kijani hafifu, msiipake nta upesi. Ndani yake imo kloridi. Hiyo ikipata unyevu na hewa hufanya asidi, nayo asidi huila shaba tena, mpaka sura ya Kaisari na maandishi yake yapotee.

Kwanza, ondoa unga kwa kijiti chenye ncha. Pili, loweka sarafu katika magadi yaliyosafishwa, gramu 50 kwa lita ya maji, ukibadilisha maji hayo kwa majuma mengi. Magadi ya kupikia maharagwe hayafai, kwani yana chumvi. Tatu, suuza na kukausha kabisa. Ndipo upake nta. Atangulizaye kung'arisha huufungia ugonjwa ndani.